Treni ya China ya kilomita 400 ukiiweka kwenye reli ya SGR si itakwenda tu? Nimebishana na ami

MtuWaVuga

Asalam alaykum jamani, naomba musinicheke. Jana baada ya Isha tumebishana barazani mpaka kahawa imepoa, mie na ami yangu, na wote pale wamemfuata yeye kwa sababu ndo mkubwa na kawahi kuishi Ulaya, basi nimekuja huku kutafuta wenye ujuzi.

Ilivyoanza, kijana mmoja katuonesha video ya treni mpya ya China, CR450, ile walioitoa hadharani Beijing mwisho wa Disemba 2024. Kwenye majaribio inafika kilomita 450 kwa saa na ikianza kubeba abiria wanasema itakwenda 400. Mie nikasema mbona hayo si ya ajabu, nilipokwenda Umra nimepanda ile ya Haramain kutoka Makka kwenda Madina, skrini inaandika 300 na weye umekaa unakula tende zako hujui kitu. Na mchongoko, ile treni ya umeme ya SGR yetu ya Dar - Dodoma, nishaupanda pia, ule 160.

Sasa hoja yangu ndo hii. Upana wa reli ya SGR ni milimita 1435 na wa China ni 1435 hiyohiyo. Umeme wa juu SGR kilovolti 25, China 25. Basi ukanunua treni ya China ukaishusha bandarini Dar ukaiweka juu ya reli, kipi kitaizuia isende 400? Si pesa ya kununua tu? Ami anasema itaruka kona ya kwanza itakwenda kulala shambani kwa watu Pugu huko. Namuuliza kwa nini, ananambia kwa sababu nimekwambia. Tumewekeana kahawa na kashata za baraza nzima, watu kumi na moja.

Halafu swali jengine dogo, hizi wanazoziita treni za kizazi kipya, upya wenyewe ni spidi tu au kuna kitu chengine?

FundiWaWete

Waalaykum salam. Yakhe kahawa ushaipoteza lakini subiri nikueleze upoteze kwa heshima.

Mie ni mtu wa nyaya za juu, nimefanya kazi za reli kule bara miaka kadhaa. Kosa lako ni kuamini kuwa spidi imo ndani ya treni. Spidi imo chini, kwenye njia. 1435 ni umbali baina ya chuma na chuma basi, ni sawa na kusema gari la Formula 1 na gari ya mchanga zote zina upana unaoingia barabara ya Bububu kwa hiyo zitakwenda sawa.

Tuanze na kona. Ukiingia kona ileile kwa 400 badala ya 160, nguvu inayokutupa nje haizidi mara mbili na nusu, inazidi mara sita na robo, kwa sababu spidi inajizidisha yenyewe. Ndo maana njia za treni za kasi kona zake ni pana kiasi kwamba ukisimama hapo huioni kama ni kona, ukilichora lile duara kamili nusu kipenyo chake kilomita 4, na China kwenye njia za 350 wanakwenda mpaka 7. Mfano mzuri ni Japani. Njia yao ya kwanza, Tokyo mpaka Osaka, ilofunguliwa Oktoba 1964, kona zake ni za mita 2500, wakati ule treni ilikuwa 210 na hiyo ilikuwa maajabu ya dunia. Leo miaka sitini baadae, na matreni yote mapya walioyatengeneza, njia ile ile mwisho wake ni 285, na hata hiyo wamefika kwa kulifanya behewa lijiinamishe kidogo konani. Ila ukenda upande wa kaskazini, njia ya Tohoku, nchi hiyohiyo, mafundi haohao, zinakwenda 320. Kilichobadilika zaidi ni kona.

La pili, SGR imejengwa ibebe mizigo. Ekseli moja, yaani ule mhimili wa jozi ya magurudumu, inaruhusiwa tani 35, maana shabaha ni makontena yende Mwanza, Kigoma na nchi za jirani. TGV, ile treni ya kasi ya Ufaransa, ekseli yake tani 17. Sasa konani reli ya nje huinuliwa kidogo, kama mtu wa bodaboda anavyolala akikata kona, na ule mwinuko unapangwa kwa spidi. Ukiuinua kwa ajili ya treni ya 400, treni ya mizigo ikipita pale inajikongoja 80 uzito wake wote unalalia reli ya ndani na unaila. Njia moja haiwezi kuwaridhisha wote wawili. Hili si kosa la mtu, ni uamuzi, na kwa nchi yenye mizigo ya bandarini naona ni uamuzi wa maana.

Kuna na mengine, kokoto zile zilizozunguka mataruma, treni ikipita kwa kasi kubwa upepo wake unazinyanyua zinapiga tumbo la treni, ndo ukaona China njia zao nyingi za kasi ni zege tupu. Na bado hatujasema upana wa behewa na ukingo wa stesheni.

Kuhusu kuruka konani, ami yako hakuzua. Hispania, Julai 2013, karibu na Santiago de Compostela, kona ya 80 treni imeingia karibu na 180, wamekufa watu karibu 80. Video yake ipo, mie niliitazama mara moja sikurudia.

MtuWaVuga

Shukran sana fundi. Lakini sikubali kirahisi hivyo hahaha. Mbona Wafaransa mwaka 2007 walifika 574.8 kwa TGV, magurudumu ya chuma juu ya reli ya kawaida? Si ndo ushahidi kuwa treni ikiwa na nguvu inakwenda?

FundiWaWete

Ahaa hapo umenigusa pangu. Tarehe 3 Aprili 2007, njia ya kwenda mashariki ya Ufaransa, ilikuwa haijafunguliwa kwa abiria bado. Ile treni ilikatwa ikabakishwa behewa chache, ikafungwa magurudumu makubwa kuliko ya kawaida, umeme wa juu ukapandishwa kutoka kilovolti 25 mpaka 31, na waya ukakazwa zaidi.

Kwa nini waya ukakazwa? Hili watu wengi hawalijui na mie nnalipenda. Chukua kamba ya kuanikia nguo, ipige kwa kidole upande mmoja, utaona wimbi linakimbia mpaka upande wa pili. Kamba ikilegea wimbi linakwenda pole, ukiikaza linakwenda mbio. Sasa ule mkono wa juu ya treni unaousugua waya kuchukua umeme nao unatengeneza wimbi mbele yake. Treni ikikaribia spidi ya wimbi lake wenyewe, waya unaanza kucheza, mkono unaachana na waya, cheche, umeme unakatika katika, mwisho unauvunja. Ni kama boti iloanza kulipanda wimbi ililolitengeneza yenyewe, watu wa baharini munajua ile hali. Kwa hiyo waya uliofungwa kwa ajili ya 160 huwezi kupita chini yake na 400, hata reli ingekuwa imenyooka kama rula kutoka Dar mpaka Dodoma.

MaalimWaFizikia_Mkwajuni

Fundi kaeleza vizuri sana, mie nasomesha skuli na nataka kuongeza la upepo maana wanafunzi hunisumbua nalo kila mwaka.

Ile mara sita na robo alioitaja ya konani inarudi tena kwenye upepo. Kutoka 160 kwenda 400 upinzani wa hewa nao unazidi mara sita na robo, lakini mota zinatakiwa zisukume upinzani huo huku zikienda haraka zaidi, basi nguvu inayotakiwa inazidi mara kumi na tano na ushee. Kumi na tano! Sasa mwambie ami akuulize hizo transfoma za njiani zimepangwa kwa ajili ya nini.

Na hapa ndo jibu la swali lako la pili. Upya wa treni mpya asilimia kubwa ni vita na upepo na umeme. Wachina wenyewe kwenye CR450 wanachojisifia si 400 peke yake, wanasema upinzani wote wameupunguza kwa asilimia 22 na uzito kwa asilimia 10, chini wamefunika mpaka magurudumu. Shabaha yao ni kuwa kwenye 400 itumie umeme uleule ambao treni ya sasa inatumia kwenye 350, na kusimama kwa dharura iwe ndani ya mita 6500 zilezile. Hayo ni maneno ya watengenezaji wenyewe, tusubiri abiria wapande.

Ila mie inayonifurahisha kuliko zote ni ya Wajapani, N700S, imeanza 2020. Ina betri chini, umeme wa juu ukikatika inajisogeza wenyewe mpaka pahala pa salama, ikiwa imekwama juu ya daraja au ndani ya njia ya chini kwa chini inatoka, na vyoo vinaendelea kufanya kazi. Sie tuliokaa Unguja miezi mitatu gizani kuanzia Disemba 2009 kwa sababu ya waya mmoja chini ya bahari tunajua thamani ya kitu kama hicho.

bintiMicheweni

Nimesoma China miaka minne kwa hiyo naomba na mie niseme, ingawa kaka zangu hapa naona mushajaza mahesabu.

Beijing mpaka Shanghai ni kilomita 1318, unakwenda masaa manne na nusu hivi, zile za haraka zaidi zinapungua hapo. Nilikuwa nikipanda ile kuliko ndege na siyo kwa sababu ya spidi. Ndege ingekuwa masaa mawili angani lakini ujumlishe kwenda uwanja wa ndege, foleni, kuvua viatu, kusubiri mabegi. Treni unafika na pasipoti yako unakaguliwa unakaa. Na zinatoka kila baada ya dakika chache, ukiikosa moja hujafa. Kwangu mie hiyo ndo ilikuwa teknolojia kubwa, ratiba.

Halafu tusisahau walilipia makosa. Julai 2011 karibu na Wenzhou treni mbili ziligongana, radi ilipiga mitambo ya ishara, wakafa watu 40. Baada ya hapo China nzima spidi ikashushwa kutoka 350 mpaka 300 na haikurudi 350 mpaka 2017. Nilipokuwa kule wenyeji hawapendi kulizungumza hilo.

Kuhusu upya, Wafaransa treni yao inayokuja, TGV M, hata hawakuhangaika kuongeza spidi, ni 320 ileile. Wameongeza viti, mpaka 740 treni moja, na umeme umepungua kama asilimia 20 hivi. Maana Mfaransa keshapiga hesabu, kiti kimoja zaidi kinamlipa kuliko dakika mbili za kufika mapema. Na Wajapani tatizo lao la miaka mingi ni kelele, treni ikiingia tanuli, ile njia ya chini kwa chini, kwa kasi inaisukuma hewa mbele yake kama pampu ya baiskeli, upande wa pili inatoka na mshindo, walokaa karibu wanaamka usiku. Ndo ukaona pua zao ndefu vile, treni ya majaribio ya ALFA-X pua yake ina mita 22! Sehemu kubwa ya behewa lile la mbele haina pa kukaa mtu, ni pua.

kijana_wa_Mkoani

Munazungumza 400 na mie juzi nimetoka Mkoani kuja Unguja, boti ilikuwa iondoke asubuhi tumeondoka baada ya adhuhuri, hakuna alietwambia kitu, mama mmoja ana mgonjwa wake kakaa juu ya gunia la mbata masaa yote hayo. Dada hapo kasema neno, ratiba. Mie nipeni boti ya spidi hiihii tulionayo lakini ikiandikwa saa moja iwe saa moja.

MtuWaVuga

Pole sana ndugu yangu.

Jamani kuna mmoja barazani kasema hayo ya kona na upepo yote yanaondoka ukitumia ile treni ya sumaku isiogusa chini. Na mwengine kataja ile ya kwenye bomba lisilo na hewa. Nimjibu vipi?

FundiWaWete

Ya bomba mwambie asahau kwa sasa, kampuni ilokuwa ikitajwa zaidi, Hyperloop One, imefungwa mwisho wa 2023.

Ya sumaku ni kweli ipo, si hadithi. Shanghai ipo tangu 2004 inabeba abiria kutoka uwanja wa ndege, kilomita 30 tu, ilikuwa ikifika 431. Na Wajapani wamefika 603 tarehe 21 Aprili 2015. Lakini kona inabaki kona, sumaku haiondoi mtupo, na upepo ndo unazidi kuwa mkubwa. Njia yao ya Tokyo - Nagoya kama kilomita 286, asilimia 86 wanachimba chini kwa chini ili inyooke. Sumaku zake zinapozwa mpaka digrii 269 chini ya sifuri. Walipanga kufungua 2027, sasa hivi wanazungumza 2034 au zaidi, mkoa mmoja uligoma kwa sababu ya maji ya mto yasije yakavujia ndani ya tanuli. Ukiona Mjapani mwenyewe kachelewa miaka saba ujue si mchezo.

bintiMicheweni

Na kwa wale wanaoota treni ya chini ya bahari kutoka Dar mpaka Unguja, maana najua atakuja mtu kuitaja, treni ya Eurostar inayokwenda 300 Ufaransa ikiingia ile njia ya chini ya bahari kwenda Uingereza inashuka mpaka 160. Yaani mchongoko.

MjukuuWaBububu

Nyote mumesahau kuwa sie ndo tulioanza hahaha. Treni Unguja ilikuwepo kabla ya hiyo SGR, kabla hata ya reli ya kati kufika Dodoma. Imeanza 1905, kampuni ya Wamarekani, kutoka Ngomeni pale mjini mpaka Bububu, kama kilomita 11. Na kabla yake Sayyid Barghash alikuwa na kijireli chake cha kwenda Chukwani. Bibi yangu alikuwa akisema alihadithiwa na mama yake kuwa inapita katikati ya mitaa imekaribiana na majumba kiasi kwamba mtu dirishani anaweza kumpa mkono abiria, na cheche zake zikiangukia mapaa ya makuti. Imekufa miaka ya ishirini mwishoni, magari yalipokuja. Watu wanasema jina la Bububu ni mlio wa treni, wengine wanasema jina lilikuwepo zamani ni mlio wa maji ya chemchem, mie mtu wa Bububu nnachagua maji.

Sasa hesabu yangu ya kijinga. Mjini mpaka Nungwi ni kama kilomita 60. CR450 ingekwenda dakika tisa. Ila mpaka ifikie 400 ishapita Mahonda, na kabla hujasema alhamdulillah inaanza kufunga breki isije ikaingia baharini. Mie nakaa na daladala yangu ya 116, utingo ananijua, ananishusha mlangoni.

MaalimWaFizikia_Mkwajuni

Nungwi dakika tisa kwa maana husimami Mkwajuni? Napinga mradi.

MtuWaVuga

Hahahaha. Nimewasomea barazani yote haya jana, kwa sauti, mpaka la pua ya mita 22 watu wakaomba nirudie. Ami kakaa kimya anatabasamu kashika kikombe kitupu anakielekeza kwangu.

Lakini fundi nisaidie la mwisho maana kuna utata umezuka. Ami alisema *itaruka*. Mie nilisema *itakwenda*. Ukiiweka kweli, dereva akavuta mpini mpaka mwisho, itatokea nini?

FundiWaWete

Haitoruka. SGR ina mfumo wa ETCS, njia inazungumza na treni kwa redio, kila kipande kina spidi yake ya mwisho, dereva akizidisha kompyuta inafunga breki yenyewe. Na treni isiokuwa na kifaa cha kuzungumza na njia hairuhusiwi kuondoka stesheni. Kwa hiyo ukiifungia kifaa hicho, utakuwa na treni ya bei kubwa kuliko zote Afrika inakwenda 160 nyuma ya mchongoko.

MtuWaVuga

Basi imekwenda na haikuruka! Nimemsomea ami. Kasema 160 si 400, nikamwambia na shambani haikulala. Wazee wamekaa kikao, hukumu imetoka, kahawa nalipa mie, kashata analipa ami. Keshatuma mtoto dukani na kamwambia achukue zile ndogo.